Rubani mpya na chama cha wafanyakazi: jinsi ya kujiunga, kulindwa na mkataba wa pamoja (CBA) na kujitetea ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu (Kenya)

Ujumbe wa namna hii hunifikia karibu kila mwezi, na mara nyingi huingia usiku: "Kapteni, samahani kwa usumbufu. Nimeitwa kikaoni kesho saa tatu asubuhi. Naweza kujiunga na chama leo?"

Unaweza. Sheria haimzuii mtu kujiunga na chama siku yoyote. Ila chama utakachokipata usiku huo ni nambari ya simu ya mtu aliyelala, ambaye hajui mkataba wako unasema nini, hajaona rosta yako (ratiba ya zamu), na hajui kama kampuni yako imewahi kukitambua chama hicho. Mwongozo huu ni wa yule ambaye bado hajaitwa popote. Ana saa zake 200 na kitu za kuruka, amepata kazi ya kwanza, labda ya ndege ndogo ya Caravan pale uwanja wa Wilson, Nairobi, labda kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye shirika kubwa, na bado anaona habari za chama ni za wazee wenye mistari minne begani.

Nimekuwa mwakilishi wa marubani wenzangu kwa muda, na nimekaa kwenye vikao vingi kuliko nilivyotaka. Mimi si wakili. Kesi ikishafika mahakamani, tafuta wakili. Haya ni ya kabla ya huko.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta bahasha moja ya karatasi na folda moja kwenye simu au kompyuta yako mwenyewe. Humo weka:

- mkataba wako wa ajira na kila barua iliyofuata: bondi ya mafunzo, kupandishwa cheo, kuhamishwa kituo;
- pesilipu za miezi 3 ya mwisho;
- rosta kama ilivyotolewa, na rosta kama ilivyotokea kweli (hizi ni mbili tofauti, na tutazirudia);
- nakala za leseni, cheti cha afya cha daraja la kwanza na kurasa za karibuni za logibuku (kitabu cha kumbukumbu za saa ulizoruka);
- utaratibu wa nidhamu wa kampuni, na sura ya kitabu cha uendeshaji inayohusu mipaka ya saa za kuruka na mapumziko.

Kisha anwani ya barua pepe yako binafsi. Usicheke. Mtu akisimamishwa kazi, barua pepe ya kampuni hufungwa saa hiyo hiyo, mara nyingine kabla hajatoka chumbani, na kila alichokuwa ameweka humo kinabaki huko. Angalizo moja: hifadhi karatasi zinazokuhusu wewe. Ukijitumia takwimu za kampuni au majina ya abiria, umewapa kosa la pili la kukushtaki.

Hatua ya 1: Jijue uko upande gani wa meza

Soma mkataba wako ukitafuta maneno mawili: wewe ni mwajiriwa, au ni mkandarasi? Pale Wilson wako vijana wanaolipwa kwa saa walizoruka, wanaleta ankara mwisho wa mwezi, na karatasi inawaita wakandarasi. Wakati huo huo wanavaa sare ya kampuni, wanapangiwa rosta na kampuni, na hawaruhusiwi kuruka kwingine. Mahakama huangalia kazi ilivyo kwa kweli kuliko jina lililoandikwa juu ya karatasi, kwa hiyo usijikatie tamaa mapema. Lakini jua mapema kwamba hoja hiyo utalazimika kuipigania.

Kama umefanya kazi miezi 3 au zaidi na hujapewa mkataba wa maandishi, uombe kwa barua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akuandikie.

Upande mwingine wa meza ni wasimamizi. Rubani mkuu, mkuu wa mafunzo na wengine wanaoajiri na kuadhibu kwa niaba ya kampuni kwa kawaida huhesabiwa kuwa menejimenti, kwa hiyo hawamo kwenye hesabu ya wanachama. Kapteni wa kawaida, hata awe na mvi, si menejimenti kwa sababu tu anaongoza ndege.

Hatua ya 2: Uliza chama gani kimetambuliwa kwenu

Kwa marubani wa mashirika, chama kinachojulikana ni KALPA, ambacho ni mwanachama wa IFALPA, shirikisho la marubani duniani. Wafanyakazi wengine wengi wa anga wako KAWU. Usiulize tu "chama kipo?" Uliza: "Je, kampuni hii imesaini makubaliano ya kukitambua?"

Tofauti ni kubwa. Haki ya kujiunga unayo moja kwa moja kutoka kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010. Haki ya chama kukaa mezani na kampuni yako kujadili mishahara inatoka kwenye Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007, ambayo inamlazimu mwajiri kukitambua chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama.

Hesabu hiyo watu huikosea. Niliwahi kusaidia kampuni ndogo yenye marubani 14. Wawili ni menejimenti, wakabaki 12. Sita wakasaini, wakanipigia simu kwa furaha: "Tumefika nusu!" Nusu haitoshi, lazima iwe zaidi ya nusu. Walihitaji wa saba. Wa saba alikuwa kijana mzuri tu, aliyesema kila mara, "Nitasaini mwezi ujao." Mwezi ujao huo ulichukua mwaka mzima, na katikati yake posho ya safari ikakatwa bila mtu wa kuizungumzia.

Hatua ya 3: Jaza Fomu S

Hii ndiyo fomu ya kisheria inayomruhusu mwajiri kukata ada ya chama kwenye mshahara wako. Utaipata kwa chama chenyewe au kwa mwakilishi wao kazini. Andika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, nambari ya mfanyakazi, saini na tarehe. Piga picha kabla hujairudisha.

Makosa ya kawaida hapa ni matatu. Wapo wanaosaini bila tarehe. Wapo wanaomkabidhi msimamizi wao fomu "aipeleke", halafu fomu inalala kwenye droo. Mpe mwakilishi wa chama mkononi. Na wapo wanaodhani kuwa kuwamo kwenye kikundi cha WhatsApp cha marubani ni uanachama. Kile ni kikundi cha WhatsApp.

Mwajiri haruhusiwi kukubagua, kukunyima kupanda cheo wala kukufukuza kwa sababu umejiunga. Ukiambiwa kwa mdomo "hapa hatupendi mambo ya chama", nenda nje, andika maneno yale yale, nani alisema, saa ngapi, na nani alikuwapo.

Hatua ya 4: Hakikisha makato yameanza

Mwajiri akishapokea notisi pamoja na Fomu S, ana siku 30 kuanza kukata. Angalia pesilipu ya mwezi unaofuata, na ya mwezi baada ya huo. Hakuna makato? Mwandikie mwakilishi siku hiyo. Nimeona mtu akigundua baada ya miezi 8, siku aliyohitaji msaada, kwamba jina lake halikuwa kwenye orodha hata kidogo.

Jambo dogo la kujua: kama kampuni ina CBA na wewe hujajiunga, bado unaweza kukatwa ada ya uwakala kwa amri ya Waziri, kwa sababu unafaidi makubaliano yaliyojadiliwa na wenzako. Ukitoka kwenye chama, toa barua. Makato ya uanachama husimama mwezi unaofuata.

Hatua ya 5: Pata CBA iliyosajiliwa, uisome na kalamu mkononi

CBA ni mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri. Ndugu zetu wa Tanzania huuita mkataba wa hali bora, jina ninaloliona zuri kuliko letu. Ukiwa na rafiki anayeruka Australia atakusimulia habari za Air Pilots Award 2020, waraka wa kitaifa unaoweka kiwango cha chini cha malipo na masharti kwa marubani wa mashirika mbalimbali, wawe na chama au wasiwe nacho. Hapa kwetu uzito wote umebebwa na CBA ya kampuni yako. Kampuni isiyo nayo, rubani wake amebaki na sheria ya jumla ya ajira na kile alichosaini mwenyewe siku ya kwanza akiwa na furaha ya kupata kazi.

Omba nakala iliyosajiliwa na Mahakama ya Ajira na Leba, ile ELRC. Makubaliano huanza kutekelezeka kisheria yakishasajiliwa. Rasimu iliyosainiwa kwa kupeana mikono na kupigwa picha bado haina nguvu hiyo. Yakishasajiliwa, masharti yake yanaingia ndani ya mkataba wako binafsi, hata kama hukuwapo yalipojadiliwa.

Sasa isome ukitafuta haya:

*Rosta.* Inatolewa siku ngapi kabla? Inaweza kubadilishwa na nani, na kwa fidia gani? Mipaka ya saa iliyowekwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, ni dari ya usalama. Kampuni inaweza kukupanga karibu na dari hiyo kila mwezi na isivunje kanuni yoyote ya usafiri wa anga. Kinachokupa Jumapili na watoto wako ni CBA.

*Orodha ya ukongwe.* Nani aliingia kabla ya nani. Vijana huiona orodha hii kama kitu cha wazee cha kugombania ndege kubwa. Siku kampuni inapopunguza wafanyakazi, orodha hiyo ndiyo inayoulizwa. Sheria inamtaka mwajiri azingatie ukongwe, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja anapochagua wa kuondoka, amjulishe afisa wa leba na chama angalau mwezi mmoja kabla, na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Waliokuwa kazini Machi 2020, ndege za abiria za kimataifa ziliposimamishwa, hawahitaji kuelezwa umuhimu wa mstari huu.

*Bondi ya mafunzo.* Kampuni imekulipia mafunzo ya aina ya ndege, nawe umeahidi kukaa muda fulani. Angalia kama deni linapungua kadiri unavyotumikia. Bondi ya miezi 24, ukaondoka baada ya 18, kwa haki ungebaki na robo: miezi 6 kati ya 24. Bondi nyingine zimeandikwa hivi kwamba ukiondoka mwezi wa 23 unadaiwa zote. Na kumbuka kwamba makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara wako. Hawawezi kukuachia pesilipu ya sifuri.

*Kupoteza cheti cha afya.* Kazi yetu inategemea saini ya daktari kila mwaka, na baada ya umri fulani kila miezi 6. Je, kuna bima ya kupoteza leseni? Inaanza kulipa lini? Bila kifungu hiki, likizo ya ugonjwa ya kisheria ni fupi mno: siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Mguu uliovunjika hauponi kwa siku 14.

*Akiba ya uzeeni, posho za safari, na tarehe ya CBA kuisha.* Pitia, weka alama, endelea.

Hatua ya 6: Weka daftari la saa zako

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Logibuku haitoshi, kwa sababu inahesabu kuruka tu. Malalamiko mengi yanahusu muda wa kazi: kusubiri mafuta, kusubiri abiria waliokwama hotelini, kupakia mizigo wewe mwenyewe, kulala kwenye kituo kisicho na neti ya mbu.

Kila siku ya kazi, mstari mmoja: niliripoti saa ngapi, niliondoka saa ngapi, rosta ilisema nini, nani aliibadilisha na kwa njia gani.

Hapa kuna mtego wa lugha. Sisi tunaishi na saa tatu kwa wakati mmoja. Ndege inasoma Zulu (saa za kimataifa, UTC, zilizo nyuma ya Nairobi kwa saa 3), ofisi inasoma saa za Nairobi, mama nyumbani anasoma saa za Kiswahili. Kijana mmoja aliandika daftari lake lote kwa Zulu. Siku ya mapatanisho wakili wa mwajiri akasimama: daftari linasema aliripoti 02:40, rosta inasema 05:40, na lango la kampuni hufunguliwa saa 11 alfajiri; basi mshtaki ni mwongo. Mpatanishi akaandika kitu kwenye karatasi yake. Ilituchukua nusu saa kueleza kwamba 02:40 Zulu, 05:40 ya Nairobi na saa 11:40 alfajiri ni dakika ile ile moja. Andika hivi:

"Jumanne. Kuripoti 02:40Z / 05:40 Nairobi (saa 11:40 alfajiri). Kutoka 17:10Z / 20:10 Nairobi (saa 2:10 usiku). Jumla saa 14 na nusu. Rosta ilionyesha kutoka 16:30 Nairobi. Mabadiliko kwa simu kutoka zamu, saa 9 alasiri."

Picha ya skrini ya rosta kabla haijabadilishwa ina thamani kubwa. Rosta za mtandaoni hujisahihisha zenyewe, na ya jana huwezi kuirudisha.

Hatua ya 7: Malalamiko madogo yapitishe ndani kwanza

Posho haikulipwa? Siku ya mapumziko imeliwa? Andika barua pepe fupi kwa msimamizi: jambo, tarehe, kifungu cha CBA, unachoomba, na siku unayotarajia jibu. Nakala kwa mwakilishi. Aya moja inatosha. Barua ya kurasa 4 yenye historia yote tangu ulipoajiriwa haisomwi na mtu.

Uchovu ni jambo la peke yake. Ukiwa umechoka kiasi cha kutoweza kuruka salama, sema hivyo, kwa maneno hayo hayo, na ujaze ripoti ya usalama. Usiseme "najisikia vibaya kidogo." Na usilitumie neno hilo siku ambayo una ugomvi wa posho, maana siku ya kweli hutaaminika.

Hatua ya 8: Barua ikija

Barua ya kukutaka ujieleze, au ya kukuita kikaoni. Pumua. Usijibu siku hiyo ukiwa bado na sare.

Ukitakiwa kusaini kwamba umepokea, andika "Nimepokea, sijakubali yaliyomo", saini, tarehe na saa. Kisha mpigie mwakilishi.

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinasema kabla ya kuachishwa kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutoweza kazi kiafya, mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama unayemchagua. Lazima pia asikilize utetezi wako na wa uliyekuja naye. Hata kufukuzwa papo hapo hakuondoi haki hiyo ya kusikilizwa. Jibu hivi:

"Nimepokea barua yako ya tarehe ___ inayonitaka nifike kikaoni tarehe ___. Kwa mujibu wa kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira, nitafika na mwakilishi wangu. Naomba kabla ya kikao nipewe: maelezo kamili ya kosa, ripoti na rekodi mtakazozitegemea, na nakala ya utaratibu wa nidhamu. Iwapo mwakilishi wangu hatapatikana siku hiyo, naomba kikao kisogezwe hadi tarehe ___."

Kama ni tukio la ndege, tuseme kutua kwa kishindo kwenye kiwanja cha murram, omba pia takwimu zilizonaswa na kinasa cha ndege kama kipo, na rekodi ya fundi aliyekagua baadaye. Nilikaa na kijana aliyeshtakiwa kuharibu gia ya kutua (miguu na magurudumu ya ndege). Ofisi ilikuwa na picha tatu na hasira nyingi. Karatasi ya fundi, tulipoipata, ilionyesha ufa ule uliandikwa siku 2 kabla, na ndege ikaachiliwa iendelee kuruka. Kikao kiliisha kwa dakika 10. Bila karatasi ile angeondoka akiamini kwamba kweli yeye ndiye aliyeivunja.

Ripoti ya usalama inayotakiwa kikanuni ipeleke kwa wakati, yenye yaliyotokea tu. Uchunguzi wa ajali au tukio, kwa kanuni za kimataifa, unatafuta kuzuia lijalo na haukusudiwi kumpata wa kulaumiwa. Kikao cha nidhamu kinatafuta mtu. Usichanganye maelezo ya huku na ya kule, na usiandike "nasikitika, lilikuwa kosa langu" kwa sababu tu umelelewa kuwa na adabu.

Onyo la mwisho hapa, na ni zito: usisaini barua ya kujiuzulu chumbani. Utaambiwa, "Jiuzulu tu, tutakuandikia barua nzuri ya mapendekezo, tukikufukuza hutapata kazi popote." Aliyejiuzulu kwa hiari ana kesi ngumu ya kusema alifukuzwa. Omba siku moja. Kama ofa ni nzuri leo, itakuwa nzuri kesho.

Hatua ya 9: Ukishaachishwa, hesabu siku

Weka kengele kwenye simu. Chama kinatakiwa kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi kwa Waziri wa Leba ndani ya siku 90. Ukienda mwenyewe kwa afisa wa leba, ni ndani ya miezi 3. Mpatanishi huteuliwa ndani ya siku 21, naye ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, isipokuwa pande zote zikubali kuongeza. Akishindwa anatoa cheti, na mgogoro unaweza kwenda ELRC. Kwa madai ya ajira mahakamani kikomo ni miaka 3, ila usikae ukingojea, maana mashahidi wako nao huhama kampuni.

Mahakama ikikuta umeonewa, fidia haizidi mshahara wa miezi 12. Kurudishwa kazini kunawezekana lakini ni nadra. Nakuambia mapema ili usikope gari kwa ahadi ya kesi.

Hatua ya 10: Mgomo, kwa kifupi

Hutaamua mgomo peke yako, lakini utaulizwa ushiriki. Mgomo unaolindwa na sheria lazima uhusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama, upatanisho uwe umeshindikana, na notisi ya maandishi ya siku 7 iwe imetolewa kwa mwajiri na kwa Waziri. Hutalipwa siku za mgomo. Waongoza ndege wamo kwenye orodha ya huduma muhimu ndani ya Sheria ya Mahusiano ya Leba. Marubani hawamo, jambo ambalo watu wengi hulichanganya.

Amri ya mahakama ikishatoka, isome wewe mwenyewe. Mgomo wa marubani wa Kenya Airways ulianza tarehe 5 Novemba 2022, ukiwa na madai ya michango ya akiba ya uzeeni na mishahara iliyozuiliwa wakati wa korona. Ulianza wakati tayari kulikuwa na amri ya kuusimamisha. Tarehe 8 mahakama ikaamuru warudi kazini kufikia saa 12 asubuhi ya kesho yake, wakarudi. Ubishi kuhusu haki ya madai yale ni mrefu na mimi nina upande wangu, lakini rubani wa mwaka wa kwanza anapaswa kujua kwamba kudharau amri ya mahakama ni kosa linalomfuata mtu kwa jina lake.

Kujifanya mgonjwa kwa pamoja hakuna kinga yoyote, na kunachafua jina la kila atakayeugua kweli.

Mambo yakikwama

*Niko kwenye majaribio, wanasema sina haki ya kusikilizwa.* Majaribio hayazidi miezi 6, na yanaongezwa kwa ridhaa yako tu. Ni kweli sheria iliwahi kuwatenga walio kwenye majaribio na kifungu cha 41, lakini mwaka 2021 majaji wa ELRC walitamka kwamba kutengwa huko kunakwenda kinyume na Katiba. Andika barua ile ile ya hatua ya 8.

*Kampuni imekataa kukitambua chama chenu.* Hakikisha hesabu ya zaidi ya nusu, majina na Fomu S vimekamilika, kisha chama kipeleke kama mgogoro. Wewe binafsi bado ni mwanachama na bado unaweza kuja kikaoni na mwakilishi.

*Mwakilishi hapokei simu.* Mtumie ujumbe wa maandishi, kisha ofisi ya chama, kisha mwakilishi wa kundi jingine la ndege. Wawakilishi nao huruka. Huenda yuko juu ya Bahari ya Hindi.

*Mkataba wangu ni wa Tanzania.* Huko mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ndani ya siku 30 tu. Rafiki yako wa Nairobi atakuambia siku 90 kwa nia njema, nawe utachelewa.

*Nimepata kazi Dubai.* Falme za Kiarabu haziruhusu vyama vya wafanyakazi. Kila kitu kitakuwa kwenye mkataba wako binafsi, kwa hiyo soma bondi na notisi kabla ya kuuza kochi.

*Kikao ni kesho na sijafanya lolote kati ya haya.* Basi tumerudi kwa kijana wa mwanzo. Usiku huu tuma ile barua ya kuomba mwakilishi na nyaraka, kutoka barua pepe yako binafsi. Mwombe rubani mwenzako mmoja mtulivu, asiye na ugomvi na ofisi, akusindikize. Sheria inamruhusu hata kama si wa chama. Mwambie kazi yake kubwa ni kuandika nani alisema nini na saa ngapi. Kesho jibu ulichoulizwa tu, na usichokijua sema hukijui. Na logibuku yako, kama iko kwenye kabati la ofisi, itoe kabla hujaingia chumbani.